Anti, kombucha kwenye kokteli inasaidia au tunajidanganya?

Safari hii maswali karibu yote yamekuja ya kombucha, nadhani ni kwa sababu sikukuu zinakaribia na watu wameshachoka kuamka kesho yake kichwa kinagonga na tumbo limejaa gesi ya soda. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, kombucha ni chai yenye sukari iliyochachushwa na bakteria na hamira wanaoishi pamoja, wanajijengea utando mnene unaoteleza juu ya chai, wengine wanauita mama wengine skobi, na kinachopatikana ni kinywaji kichachu chenye gesi kidogo. Haya twende.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi natengeneza kombucha mwenyewe nyumbani sasa ni muda, sikukuu hii mimi na mashosti zangu tumekubaliana tunywe kokteli za kombucha badala ya zile za soda na sharubati, kwa ajili ya afya. Mume wangu anacheka anasema pombe ni pombe tu hata uichanganye na maji ya baraka. Nani yuko sahihi? Na resipi naomba, ila isiwe ya kutumia vitu ishirini. – Mpenda Sherehe

JIBU: Marahaba mwanangu. Mume wako yuko sahihi kwenye pombe, wewe uko sahihi kwenye sukari, kwa hiyo msigombane.

Tuanze na ushindi wako. Soda ya kawaida ina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, ukimimina mililita 150 kwenye glasi tayari zimeingia gramu 15, alafu unaongeza ile sharubati ya sukari na maji nusu kwa nusu, mililita 30 tu nazo zinaleta gramu nyingine 15 na zaidi, glasi moja umeshafika gramu 30 na keki bado haijakatwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Yaani glasi ya kwanza tu umeshapitiliza.

Kombucha uliyoanza na gramu 70 za sukari kwa lita, mililita 150 zake haziwezi kuzidi gramu 10 na nusu hata kama wale bakteria wangegoma kula kabisa, na hawagomi, wanakula kila siku. Ila nakuomba usiende kuwatangazia mashosti kwamba sukari yote imeliwa, maana hilo nalisikia kila mahali na si kweli. Kombucha ya siku saba bado ina sukari ya kutosha tu, na ulimi hauwezi kukuambia ni kiasi gani kwa sababu uchachu unaufunika utamu. Faida yako kubwa iko kwingine: kombucha inakuja na uchachu wake na gesi yake yenyewe, kwa hiyo soda huihitaji, na ndimu ya kujaza glasi huihitaji, na kama hujaweka ndimu nyingi basi hata ile sharubati ya kuituliza ndimu haina kazi tena. Umeondoa vitu vitatu kwa kuweka kimoja.

Sasa ushindi wa mume wako. Hakuna bakteria wa kombucha anayefuta pombe. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na hawakuweka msamaha kwa wanaochanganya na kitu kichachu. Hata hao bakteria wenyewe unawamwagia jini, ile pombe kali ya asilimia 40, mimi sitegemei sana watafika tumboni wakiwa na hamu ya kufanya kazi. Mililita 30 za pombe kali ya asilimia 40 ni kama gramu 9 na nusu za pombe halisi, karibu kalori 65 za pombe peke yake. Ukimimina kwa macho, na nyumbani wote tunamimina kwa macho, inakuwa mililita 60 bila kujua na kila kitu kimezidishwa mara mbili. Kwa hiyo nunua kile kikombe kidogo cha kupimia, ndicho kitakachoipa kokteli yako afadhali, kuliko hata hiyo kombucha unayoweka. Na habari njema ni kwamba kombucha ina ladha kali, mililita 30 zinasikika vizuri, kwenye soda zingepotea ungeongeza.

Resipi inaanza wiki mbili au zaidi kidogo kabla ya sikukuu, usije ukaniandikia mkesha unalia. Kwa mtungi wa lita tatu chemsha maji, weka sukari nyeupe gramu 210 hivi na mifuko ya chai ya rangi 8 hadi 10, chai ya kawaida kabisa isiyo na manukato ya mafuta maana hayo mafuta yanaisumbua skobi. Acha dakika kumi, toa mifuko, alafu subiri ipoe, na nikisema ipoe namaanisha ipoe kabisa uguse mtungi usisikie joto, chai ya moto inaua kila kitu. Ndipo unaweka skobi pamoja na kombucha ya zamani isiyo na ladha, mililita 300 hadi 400. Hiyo ya zamani watu wanaidharau wanaona utando ndio mali, kumbe kimiminika ndicho chenye wadudu wengi na ndicho kinachopandisha asidi siku ya kwanza ili ukungu usipate nafasi. Funika na kitambaa kilichofumwa vizuri, funga na mpira, weka mahali pasipo na jua. Mtungi uwe wa kioo, vyombo vya alumini na vya udongo vilivyopakwa rangi usitumie, asidi inavila na inatoa madini kuingia kwenye kinywaji.

Siku ya saba anza kuonja. Joto likiwa nyuzi 24 hadi 28 siku saba hadi kumi zinatosha, kukiwa na baridi inachukua zaidi. Kama una zile karatasi za kupimia asidi, unataka kati ya 2.5 na 3.5 (namba ikiwa ndogo ndiyo asidi kali), ikibaki juu ya 4.2 baada ya wiki nzima kuna tatizo, usiinywe. Kwa ajili ya kokteli mimi naiacha siku mbili tatu zaidi ya ile ninayokunywa yenyewe, iwe kali kidogo, kwa sababu barafu inayeyuka na itaipunguza makali, na pia sukari inakuwa imepungua zaidi. Hapa ndipo wengi wanakosea wanaitoa ikiwa tamu kama juisi alafu wanashangaa kokteli haina mgongo.

Ukishairidhia, toa skobi na kombucha ya kuanzia mtungi unaofuata, iliyobaki weka kwenye chupa na ladha. Kwa sikukuu mimi napenda tangawizi na komamanga: kwa chupa ya nusu lita juisi ya komamanga vijiko vikubwa vitatu, tangawizi iliyokunwa kijiko kidogo kimoja, kijiti kifupi cha mdalasini. Karafuu weka moja tu, mbili inakuwa dawa ya jino. Funga, acha nje siku mbili hadi nne, alafu friji angalau usiku mzima. Habari za chupa nitazisema kwenye swali linalofuata maana kuna mtu kaipata.

Siku yenyewe ni rahisi. Glasi ndefu, barafu ijae mpaka juu, mililita 30 za jini au ramu nyeupe, kombucha baridi iliyochujwa mililita 150 uimimine taratibu kwa pembeni ya glasi, koroga mara moja kwa kijiko kirefu, kamulia ganda la chungwa juu ili yale mafuta yake yaruke, na chembe chache sana za chumvi. Chumvi usiiruke, inatuliza uchachu usichome. Usitikise kombucha kwenye kile chombo cha baa, gesi itafungua mfuniko wenyewe na ukuta wako utakuwa wa komamanga. Kama wageni ni wengi, changanya pombe na maganda ya chungwa kwenye jagi uweke friji mapema, kombucha iingie wakati wa kumimina tu, ukiiweka saa moja kabla inakuwa chai baridi.

Na kunyweni polepole bana, gesi inaweza kuifanya pombe ipande haraka kwa baadhi ya watu. Glasi ya maji kati ya kokteli na kokteli.

SWALI: Anti chupa yangu imepasuka usiku kabatini, mlio nilidhani ni mwizi! Nilikuwa nimeweka embe nyingi na sukari kidogo ili ipate gesi nzuri, ile chupa ilikuwa nzuri ya pembe nne ya mapambo. Sasa naogopa hata kuzigusa zilizobaki. Nifanyeje? – Mwoga wa Kabati

JIBU: Pole sana, na unaogopa kwa haki kabisa. Zilizobaki usizishike hivyo hivyo. Zifunike na taulo nzito, vaa kitu cha kukinga macho, zihamishie friji kwa uangalifu zikae mpaka zipoe kabisa maana baridi inaipunguza presha, alafu fungua moja moja kwenye sinki na taulo ikiwa bado juu, uso wako ukiwa mbali. Ikianza kupiga povu acha, funga, subiri, legeza tena.

Sababu ni mbili na umezitaja mwenyewe bila kujua. Ya kwanza ni chupa: ya pembe nne hata iwe nene kiasi gani haikutengenezwa kubeba presha, nguvu zote zinajikusanya kwenye pembe. Tumia za duara zile nene zenye kifuniko cha kibano cha waya, na hakikisha ni zile za vinywaji vya gesi kweli kwa sababu kuna zinazofanana nazo ambazo ni za mapambo. Ya pili ni chakula. Embe lina sukari nyingi na nyama yake inafanya hamira wafurahi kupita kiasi, wewe tena ukaongeza sukari, na kabati lina joto. Sukari ya kuongeza haina haja kabisa ukiwa na tunda tamu. Juisi iwe sehemu moja kwa kumi ya chupa, acha nafasi ya sentimita tatu juu.

Kitu kimoja kinachosaidia kuliko ushauri wote: katika kila mzigo jaza chupa moja ndogo ya plastiki ya soda, kombucha ile ile na ladha ile ile, uiweke pamoja na zingine. Ukiibonyeza ikawa ngumu haiingii, zote ziende friji siku hiyo hiyo. Friji haisimamishi uchachu, inaupunguza mwendo tu, kwa hiyo na huko usizisahau miezi.

SWALI: Kuna kitu kinaning'inia chini ya skobi yangu, nyuzi za kahawia hivi kama uchafu, na skobi yenyewe imezama chini kabisa. Imekufa? Nilikuwa nategemea hii kwa sikukuu. – Roho Juu

JIBU: Haijafa, shusha roho. Nyuzi za kahawia ni hamira, kuzama ni kawaida, mpya itajitengeneza juu yenyewe. Kinachotakiwa kukutisha ni manyoya: madoa makavu yenye manyoya juu kabisa, meupe, ya kijani au meusi. Hayo ni ukungu, na hapo hakuna kukwangua wala kuosha skobi, mwaga vyote, chai na skobi, safisha mtungi kwa maji ya moto uanze upya na skobi nyingine. Najua inauma.

SWALI: Habari anti. Nina wageni ambao hawanywi pombe, mmoja kwa sababu ya imani, mwingine shemeji yangu ni mjamzito, na watoto watakuwepo. Nimefikiri wao niwape kombucha bila jini wakati sisi tunakunywa yenye jini, wote tuwe na glasi zinazofanana asijisikie mtu vibaya. Ni wazo zuri? – Mwenye Nyumba

JIBU: Nia nzuri sana, ila kombucha hapana. Hamira wanapokula sukari wanatoa pombe, bakteria wanaibadilisha sehemu kuwa asidi, lakini si yote. Nchini Marekani kinywaji kikifika asilimia 0.5 ya pombe kinahesabiwa kileo, na mwaka 2010 kombucha za chupa zilitolewa kwenye rafu za maduka mengi huko kwa sababu baadhi zilikutwa zimevuka hapo. Hizo ni za viwandani wenye vipimo. Ya nyumbani iliyofungwa chupa na juisi siku nne kwenye joto inaweza kufika asilimia 1 hata 2 au zaidi, na wewe huna cha kukuonyesha.

Kwa anayejizuia kwa imani mwambie ukweli wote kabla hajainua glasi, aamue mwenyewe, usimwamulie wewe kwa kukaa kimya. Kwa shemeji hapana kabisa, pombe ni sababu moja na nyingine ni kwamba haijachemshwa, imejaa vijidudu hai ambavyo hujui vyote ni nani. Watoto hapana, na mtu yeyote ambaye kinga yake ya mwili iko chini, anayetumia dawa za saratani au aliyepandikizwa kiungo, hapana vilevile.

Glasi zinazofanana unazipata hivi. Chemsha chai nzito na mdalasini, tangawizi na maganda ya chungwa, bila sukari, ipoe iingie friji. Kwenye glasi yenye barafu weka chai hiyo mililita 60, juisi ya komamanga mililita 30, siki ya tufaha kijiko kidogo kimoja, jaza na maji ya soda yasiyo na sukari. Ile siki ndiyo inayoleta kile kiuchachu, macho na ulimi wa mgeni havitajua tofauti kubwa. Kwa mjamzito na watoto tumia chai ya viungo tu isiyo na majani ya chai, kafeini ya nini usiku. Ila kitu kimoja: majagi mawili yasikae meza moja. Funga utepe kwenye la pombe au liweke jikoni, watu wakishachangamka wanamiminiana bila kuuliza.

SWALI: Mama yangu ana kisukari, kasikia kombucha inashusha sukari sasa anataka anywe glasi mbili kila siku mpaka sikukuu ili siku hiyo ale bila wasiwasi. Nimemwambia nitakuuliza wewe. – Binti wa Mwisho

JIBU: Mpe mama salamu zangu na umwambie hapana, kwa heshima zote. Alichokisikia kina chanzo: mwaka 2023 watafiti wa Georgetown University kule Marekani walichapisha jaribio ambapo watu wenye kisukari aina ya pili walikunywa kombucha kila siku wiki nne, na sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ikashuka. Ila walikuwa watu 12. Wenyewe waliliita jaribio la mwanzo. Na kombucha ile ilikuwa ya kiwandani, yako ya mtungi ikitolewa mapema ina sukari ambayo hakuna aliyeipima, anaweza akajipandisha akidhani anajishusha. Hilo la kujiwekea akiba ili siku moja ale bila hesabu mwili hauna utaratibu huo. Aongee na daktari wake kabla hajaongeza chochote cha kila siku, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari, na pombe asiisogelee bila kuuliza kwa sababu kwenye baadhi ya dawa hizo pombe inaweza kushusha sukari ghafla, hatari zaidi akiwa hajala.

SWALI: Nataka kitu cha moto sikukuu hii, kombucha ya kuchemsha na viungo na ramu. Inawezekana? – Baridi Kali

JIBU: Inawezekana ila utakuwa umechemsha siki. Gesi inaondoka, bakteria wanakufa, harufu inapanda puani mpaka machozi. Chemsha chai ya viungo, weka ramu yako, basi, kombucha iache ipumzike.

SWALI: Anti nimechelewa, kombucha yangu imekaa wiki tano imekuwa kali haiingii mdomoni. Nimwage? – Mvivu wa Mtungi

JIBU: Usimwage hata tone! Kama haina ukungu hiyo ni mali. Kwanza toa kikombe kimoja au viwili ukae navyo, ndiyo ya kuanzishia mtungi mpya na itafanya kazi haraka kuliko ya wiki moja. Iliyobaki itumie pale unapotumia ndimu: mililita 20 kwenye glasi ya kokteli, jaza na maji ya soda, hapo sukari imebaki kidogo sana na uchachu unao wote. Nyingine loweka zabibu kavu na maganda ya chungwa siku mbili kwenye friji, uchuje, ni nzuri sana kwenye saladi au kwenye nyama kabla ya kuchoma. Kama ni ya kunywa, asidi ya namna hiyo inalainisha meno, tumia mrija, sukutua na maji ya kawaida baadaye, mswaki usubiri nusu saa.